Nani Mwenye Kituo? Kuusoma Mwendo wa Mpira wa Australia

Fainali kuu ya mwaka 2008 ilipomalizika katika uwanja wa MCG jijini Melbourne, ubao wa matokeo ulisomeka hivi: Hawthorn 18.7 (115), Geelong 11.23 (89). Mtu aliyelelewa na kandanda yetu ataikimbilia namba iliyo kwenye mabano, aseme Hawthorn wameshinda kwa pointi 26, basi yameisha. Lakini ubao wa mpira wa Australia hauandiki jumla peke yake. Unaandika na njia iliyopitwa. Namba ya kwanza ni magoli, yaani mipira iliyopigwa kwa mguu ikapita katikati ya milingoti miwili mirefu, na kila goli ni pointi 6. Namba ya pili ni mipira iliyopita kati ya mlingoti mrefu na ule mfupi wa pembeni, au iliyoguswa njiani, nayo kila mmoja ni pointi 1. Tuhesabu basi. Geelong waliandikiwa alama mara 34, Hawthorn mara 25. Aliyebisha hodi mara nyingi zaidi ndiye aliyerudi kwao mikono mitupu.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo geni zaidi. Katika zile pointi 23 za pembeni, 11 hazikutoka miguuni mwa Geelong. Zilitolewa na walinzi wa Hawthorn, walioupitisha mpira kwenye mstari wao wenyewe, mara nyingi wakijua barabara wanachokifanya. Walimgawia adui pointi mojamoja katika mechi kubwa kuliko zote za mwaka, mbele ya timu iliyokuwa imepoteza mechi 1 tu kati ya 22 za msimu wa kawaida. Kwa nini timu yenye akili timamu imlipe mpinzani wake? Wengi huutafuta ushindi wa siku ile katika misuli na ujasiri. Mimi nautafuta katika umbo la mchezo wenyewe, na hasa katika kitu kimoja nitakachokiita kituo.

Kwanza uwanja. Ni wa duara lililovutwa, mfano wa yai, na ule wa MCG una urefu wa takriban mita 160. Ndani yake wamo wachezaji 18 kwa 18, na hakuna kuotea: mtu anaweza kusimama popote, mbele ya mpira au nyuma yake. Mpira nao una umbo la yai. Unasafiri kwa njia tatu. Unapigwa kwa mguu. Au unashikwa kwenye kiganja kimoja na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili, kwa sababu kurusha ni kosa. Au mtu anakimbia nao, mradi audundishe au auguse chini kila baada ya mita 15. Hizi ndizo njia za mwendo.

Kisha kuna mdako. Mpira uliopigwa kwa mguu na kwenda mita 15 au zaidi ukidakwa kabla haujagusa ardhi wala mkono wa mtu mwingine, mchezo unasimama kwa ajili ya mdakaji. Hakuna ruhusa ya kumkaba. Anarudi nyuma hatua kadhaa, anainua macho, anachagua. Sheria hii imo tangu kanuni za kwanza zilizoandikwa Melbourne mwaka 1859, na kwangu ndiyo moyo wa mchezo mzima. Katika kandanda mwenye mpira hana amani hata sekunde moja, mpaka mwamuzi apulize filimbi. Huku, mchezaji anaweza kujitengenezea amani kwa mikono yake, katikati ya vurugu, tena na tena katika mechi moja.

Hicho ndicho kituo. Neno hili tunalo kwa maana tatu, na zote zinafaa hapa. Kwa mshairi ni mshororo unaofunga ubeti. Kwa mwandishi wa nathari ni alama inayompa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa msafiri ni mahali gari linaposimama, watu wakashuka na wengine wakapanda. Mdako hufunga, hutoa pumzi, na hubadilisha abiria. Na hoja yangu ni kwamba kila mpango wa mchezo uliowahi kubuniwa na makocha wa Australia ni jibu la swali moja: kituo ni cha nani, na kitumike au kiachwe?

Tumtazame mchezaji mmoja kwa karibu. Ni mlinzi wa pembeni, amedaka mpira upande wa kushoto, mita 60 kutoka lango lake mwenyewe, hatua chache kutoka mstari wa nje. Mbele yake, mahali alipodakia, amesimama mpinzani mmoja mikono juu. Mlinzi ana njia tatu. Ya kwanza ni kupiga mbele moja kwa moja, sambamba na mstari, kwenye msongamano wa watu warefu. Hiyo ndiyo njia ya tahadhari: mpira ukisukumwa nje na wanaougombea, mwamuzi ataurudisha ndani kwa kuurusha, na timu yake itakuwa imeshajipanga. Ya pili ni kugeuka na kuuvusha uwanja kwenda upande wa kulia, ambako kuna nafasi. Inachukua mapigo mawili au matatu, na kila pigo linawapa wapinzani muda wa kuhama. Ya tatu ni pigo la mshazari, nyuzi 45 kwenda ndani, kwenye njia ya katikati. Ni pigo fupi, la chini, linalopita kwenye upenyo usiozidi mita chache kati ya wapinzani wawili. Likifika, uwanja mzima unafunguka, maana kutoka katikati lango linaonekana kwa pembe pana na wapinzani wote wako upande mmoja. Lisipofika, mpira umepotea mbele ya lango lako, na wenzako wote wameshakimbia mbele wakiamini utafika.

Katika nukta hiyo ndogo, pumzi mbili au tatu, ndimo mpango wa kocha unamosomeka. Mlinzi anayepiga mbele anasoma ukurasa mmoja, anayepiga mshazari anasoma mwingine. Unaweza kuzima sauti ya televisheni, usijue timu zinaitwaje, na baada ya midako kumi ukasema kwa uhakika timu hii inaogopa nini.

Sasa tuende kwenye mechi ambayo Waaustralia huirudia kila wanapozungumzia mwendo wa mpira. Tarehe 26 Septemba 1970, watu 121,696 walijazana MCG, idadi ambayo mchezo huu haujaiona tena. Carlton walikutana na Collingwood katika fainali kuu. Hadi mapumziko Collingwood walikuwa na 10.13 (73), Carlton 4.5 (29): tofauti ya pointi 44. Collingwood walikuwa wanacheza mpira wa kale katika ubora wake wote: pigo refu, mdako, kituo, pigo refu. Kila ubeti ulifungwa kwa mshororo wake. Hakukuwa na kasoro ya kuwasuta.

Katika mapumziko kocha wa Carlton, Ron Barassi, aliwaamuru wachezaji wake wacheze kwa ngumi na wakimbie, hata pale ambapo mazoea yote yaliwaambia wapige kwa mguu. Alimwingiza pia kijana mwembamba, Ted Hopkins, kuchukua nafasi ya Bert Thornley. Robo ya tatu Carlton walifunga magoli 8 bila hata pointi moja ya pembeni. Isome tena: 8.0. Collingwood katika robo hiyohiyo walipata 3.3. Robo ya mwisho Carlton wakaongeza 5.4 dhidi ya 1.1, na mechi ikaisha 17.9 (111) kwa 14.17 (101). Hopkins peke yake alifunga magoli 4.

Wengi huisimulia robo ile ya tatu kama habari ya kasi. Naona kasi ni matokeo tu. Kilichobadilika kilikuwa kituo. Mtu anayedaka na kusimama anawapa wenzake pumzi, lakini pumzi hiyohiyo anaipata na mpinzani: kila mlinzi anamtafuta mtu wake, anamkaribia, anamshika kwa macho. Akija mtu ambaye hadaki ili asimame, bali anapokea na kupiga ngumi kwa mwenzake anayepita mbio kando yake, basi mlinzi aliye karibu hana budi kuchagua. Akimfuata mwenye mpira, anamwacha mtu wake. Asipomfuata, mwenye mpira anapita. Pasi moja ya ngumi inamng'oa mlinzi mmoja mahali pake, ya pili inamng'oa wa pili, na ya tatu inakuta uwanja mtupu. Ndiyo maana ile 8.0 haikuwa bahati. Mapigo ya mwisho yalikuwa rahisi kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika mita 80 nyuma. Shabiki wa Dar es Salaam aliyeimba "gusa, achia, twende kwao" hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo katika mechi ile linalonigusa kila ninapolifikiria. Picha yake maarufu kuliko zote ni ya robo ya pili: Alex Jesaulenko wa Carlton ameruka juu ya mabega ya Graeme Jenkin, mpira mikononi, dunia nzima iko chini yake. Ni mdako uliotukuzwa kuliko yote katika historia ya mchezo. Lakini Carlton walikuwa wanapigwa wakati ule, na waliendelea kupigwa hadi mapumziko. Kumbukumbu ya taifa imekihifadhi kituo. Ushindi uliletwa na kukiacha kituo. Mhakiki asiyeitenganisha picha na mwendo ataisoma mechi ile kinyume.

Tena Barassi hakuitoa ngumi hewani. Miaka ya mwanzo ya 1960, Graham Farmer wa Geelong, mtu mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kugombea mpira hewani, alikuwa ameshaigeuza pasi ya ngumi kutoka njia ya kujiokoa ikawa silaha ya kushambulia. Husimuliwa kwamba alijifua kwa kuupiga mpira upite kwenye dirisha la gari. Alichoongeza Barassi ni uthubutu wa kuitumia wakati timu iko nyuma kwa pointi 44, saa ambayo mtu wa kawaida hupiga mbali na kuomba Mungu.

Tukirudi mwaka 2008, tunakuta dunia imegeuka. Kila mtu sasa anakimbia na kupiga ngumi, na Geelong wanafanya hivyo vizuri kuliko wote. Alastair Clarkson, kocha wa Hawthorn, hakujaribu kukimbia kuliko wao. Aliacha kukaba mtu akakaba mahali. Wachezaji wake walijipanga kwa safu na mistari, kila mmoja akilinda kipande chake cha uwanja, na kundi lote likasogea pamoja kulifuata pigo la mpira, kama juya linalokokotwa na wavuvi wa pande mbili: upande mmoja ukienda mbele, mwingine unafuata, na katikati hapatoboki. Ujanja wa 1970 ulimng'oa mlinzi mahali pake kwa kumlazimisha amwache mtu wake. Mlinzi asiye na mtu hang'oki kirahisi. Geelong waliachiwa vituo vya pembeni na vya nyuma. Vile vya katikati, vyenye pembe pana ya lango, vilifungwa.

Hapo ndipo zile pointi 11 zinapoeleweka. Mpira ukishapita kwenye mstari wa pembeni ya lango, timu iliyotoa pointi ndiyo inayoanzisha, bila kukabwa, kutoka langoni mwake. Mlinzi wa Hawthorn aliyebanwa na watu wawili, hana pa kupiga, juya lake limechanika, alikuwa na njia moja ya kulishona: kuupitisha mpira nyuma, kulipa pointi 1, na kupata mpira pamoja na muda wa kila mtu kurudi mahali pake. Alikuwa ananunua kituo. Bei ilikuwa pointi 1, wakati hatari iliyokuwa inamkabili ilikuwa pointi 6. Walinunua vituo 11, na gharama yote haikufika thamani ya magoli 2. Ukiziondoa pointi hizo kwenye ubao, Geelong walipata 11.12 kwa jasho lao, na mechi inaanza kufanana na ilivyokuwa uwanjani.

Wenye mamlaka ya mchezo hawakupendezwa. Kuanzia 2009, mlinzi anayeupitisha mpira nyuma kwa makusudi bila kubanwa anaadhibiwa: washambuliaji wanapewa mpigo huru mbele ya lango. Naiona sheria hiyo kama ushahidi bora kuliko maoni ya mhakiki yeyote. Haikugusa nguvu wala mbio. Ilipandisha bei ya kituo.

Clarkson alikuja kukipenda kituo kuliko kocha yeyote wa zama zake. Hawthorn waliotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015, walicheza kwa mapigo mafupi yanayofika kifuani, mdako juu ya mdako, wakiuvusha uwanja kulia na kushoto mpaka juya la wapinzani lipate tundu. Ulikuwa mpira wa vina na mizani: kila mshororo na silabi zake, hakuna kinachozidi.

Na jibu lao lilitoka nyumbani mwao. Damien Hardwick, aliyekuwa msaidizi wa Clarkson mwaka 2008, aliwapa Richmond mpango unaokwenda kinyume na wa mwalimu wake. Mwaka 2017 Richmond waliwashinda Adelaide 16.12 (108) kwa 8.12 (60) na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1980. Mbele walikuwa na mtu mrefu mmoja wa kutegemewa, Jack Riewoldt, wakizungukwa na wafupi wepesi. Hawakuhangaika sana kudaka. Mpira ulipodondoka waliusukuma mbele kwa ngumi, kwa kiganja, kwa mguu ukiwa chini, popote mradi mbele, na watu wao walikuwa wameshaanza kukimbia kwenda mahali utakapoangukia. Timu iliyojipanga kulinda vituo haina cha kulinda pale ambapo mshambuliaji hasimami.

Wapo waliosema huo si mpango, ni fujo. Nikisikia hivyo nakumbuka mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, na mabishano yaliyofuata kuhusu kama shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi. Waliokataa walikuwa wanatafuta umbo mahali pamoja tu, mwishoni mwa mshororo, na wasipolikuta wakasema halipo. Umbo la Richmond lilikuwa katika miguu ya wasio na mpira. Tazama ni wangapi wanafika pale yai linapodunda, na wanafika kwa mpangilio gani: mmoja mbele ya mpira, mmoja ubavuni, mmoja nyuma kuziba. Mpira ulidunda kama unavyotaka wenyewe; watu hawakukimbia kama walivyotaka. Na ubao unashuhudia: pointi za pembeni ni 12 kwa 12, magoli ni mara mbili kamili. Tofauti yote iko kwenye ubora wa nafasi, na fujo haitengenezi nafasi bora mara mbili ya za mwenzake.

Mwaka 2021 sheria iliingilia tena, safari hii kwa kumtazama yule mpinzani aliyesimama mikono juu mbele ya mlinzi wetu. Zamani aliweza kuyumba kulia na kushoto na kuziba lile pigo la mshazari. Sasa mwamuzi akimwambia asimame, asimame kama mlingoti. Akisogea, timu yake inaadhibiwa kwa mpira kusogezwa mita 50. Pigo la nyuzi 45 likapata upenyo ambao halikuwa nao. Kituo kikaongezewa thamani kwa mwenye nacho.

Lakini msimu huohuo mmoja wa walioteuliwa katika kikosi bora cha ligi alikuwa mlinzi anayeishi kwa vituo vya wengine. Aliir Aliir wa Port Adelaide alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1994, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Kazi yake ni kuudaka mpira wa adui. Mtazame kabla pigo halijaondoka: humkuti amemganda mshambuliaji wake. Anamtazama mpigaji, mabega yake, namna anavyouangusha mpira mguuni, kisha anaanza kuondoka kuelekea mahali ambapo bado hapana kitu. Mpira unapofika, yupo. Kwa mdako mmoja wa aina hiyo shambulio la adui linageuka mwanzo wa shambulio lako, na adui wote wanakutwa wametawanyika kwa matumaini. Huyo ni msomaji. Na kusoma kwake kunatukumbusha kwamba kituo hakina mwenyewe mpaka kidakwe.

Nimalizie na ubao mwingine. Fainali kuu ya mwaka 2023: Collingwood 12.18 (90), Brisbane 13.8 (86). Brisbane walifunga magoli mengi zaidi wakashindwa kwa pointi 4. Mwaka 2008 rundo la pointi za pembeni lilikuwa la walioshindwa. Mwaka 2023 lilikuwa la washindi, na bila hilo wasingeshinda. Namba zinafanana, maana zimepishana. Zile za Geelong, karibu nusu yake zilikuwa malipo yaliyowekwa mezani na Hawthorn wakinunua muda. Kwa Collingwood, pointi za pembeni ndizo zilizobeba ubingwa. Anayehesabu tu ataziweka mechi hizi mbili kwenye safu moja. Ted Hopkins, yule kijana wa magoli 4, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Champion Data, kampuni inayoihesabia ligi kila pigo na kila mdako, na sina shaka hesabu hizo zina faida kubwa. Lakini kila ninapoutazama ubao, nauliza kwanza lile ambalo haukuandika: mpira uliposimama, ulisimama kwa ajili ya nani?